Neno "Mkimbizi": Maana Yake na Mahali Pake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha baba yetu Adamu majina ya vitu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Katika darsa yetu hapa Lokitaung yalitokea mabishano yaliyochukua majuma matatu, na kwa kuwa khabari zake zimekwisha kufika Kakuma na Lodwar, tumeona ni bora kuyaandika, ili asiyekuwapo asiyapokee kwa maneno ya njiani. Mabishano yenyewe ni juu ya neno moja la Kiswahili, nalo ni mkimbizi. Vijana wetu kadhaa, na wamo miongoni mwao waliozaliwa Kakuma kambini, walisema kuwa neno hili ni la kutweza, wala haifai Mwislamu kumwita nalo Mwislamu mwenziwe. Badala yake na litumike neno muhajiri, kwa kuwa hilo ndilo jina lililosifiwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Wazee nao wakajibu: mkimbizi ni mtu aliyekimbia, na kila mtu ajua alikimbia, basi pana ubaya gani? Sisi twaona kuwa kila upande umeshika kipande cha haki na kukiacha kingine.

Kabla ya kuingia katika neno hilo, yatupasa tuondoe kosa moja lililo jirani yake. Kijana mmoja alituletea karatasi ya Kiingereza inayoeleza khabari za kambi, na ndani yake imeandikwa kuwa "Kakuma" ni neno la Kiswahili, na maana yake ni mahali pasipo na kitu, au pasipokuwa popote. Maneno haya yamekaririwa na waandishi wengi wa ng'ambo, mmoja akinakili kwa mwingine, hata yamekuwa kama jambo lililothibiti. Sisi twasema: neno hilo halimo katika Kiswahili, si cha Lamu, si cha Mvita, si cha Unguja, wala si cha bara. Mswahili akitaka kusema hapana mahali, husema "hapana mahali". Akitaka kusema si popote, husema "si popote". Kakuma ni jina la Kiturkana, la nchi ya Waturkana, kando ya mto Tarach, na lilikuwako kabla ya hema la kwanza la kambi kupigwa mwaka 1992. Na ajuaye nchi hii ajua kuwa majina yake mengi huanzia kwa Lo, au Na, au Ka: Lodwar, Lokitaung, Lokichoggio, Nadapal, Kalokol, Kalobeyei. Atakaye maana ya jina na awaulize wenye lugha. Lakini tazameni jinsi kosa hili lilivyowapendeza waandishi: walitaka kusema kuwa watu wale wametupwa mahali pasipo kitu, wakalitafuta neno la kuwasaidia, na walipolikosa wakalibuni, kisha wakatubandika sisi Waswahili. Na Waturkana waliokuwa wakinywesha mifugo yao hapo tangu zamani wakageuka kuwa si kitu.

Tumeyaleta haya kwa sababu yana kanuni ndani yake. Maana ya neno haichukuliwi kwa mtu anayelitaka limfae. Huchukuliwa kwa wenye lugha, katika namna walivyolitumia. Kanuni hii ndiyo tutakayowahukumia vijana wetu na wazee wetu wote wawili.

Sasa tuje kwa mkimbizi. Neno hili limetokana na kukimbia, na wanafunzi wa sarufi hawatapata taabu nalo, kwani limejengwa kama yalivyojengwa maneno mengi tuliyoyazoea: kutembea, mtembezi, kukwea, mkwezi, kulea, mlezi, kuzaa, mzazi. Ile zeti iliyoingia mwishoni ni alama ya herufi ya lam iliyokuwako zamani na ikaanguka katika Kiswahili, hali katika lugha nyingine za Kibantu bado husikika. Ndugu yetu mmoja alidai kuwa neno limetoka kwa kukimbiza, yaani mkimbizi ni yule anayewakimbiza watu. Lau ingekuwa hivyo, jina lingewastahili wenye bunduki waliochoma vijiji, na wala wao hawajapata kupanga safu ya kupewa unga. Lakini sivyo walivyotumia watu.

Vijana walisema: umbo hili la neno lamfanya mtu kuwa mtenda, kana kwamba alipenda mwenyewe kukimbia. Jawabu ni kuwa umbo hili halilazimishi hivyo. Mpenzi limejengwa kwa kupenda, na aghlabu humaanisha anayependwa, wala si anayependa tu. Kwa hiyo si umbo la neno linalompa mtu hiari au kumwondolea. Ni khabari yake mwenyewe.

Na lipo jambo jingine ambalo vijana hawakulitazama. Watu wa pwani katika karne ya kumi na tisa walikuwa na neno la mtu aliyekimbia bwana wake, nalo ni mtoro. Watoro walitoka katika mashamba ya Malindi na Mombasa, wakajikusanya Fuladoyo, na wengine wakaenda Witu kwa Ahmad Simba wakapata himaya yake. Mtoro ni neno lenye bwana nyuma yake. Ukimwita mtu mtoro umekwisha kukiri kuwa yuko mwenye haki ya kumdai, na kumrudisha, na kumwadhibu. Ndiyo maana hata leo mwanafunzi aliyekosa chuoni huitwa mtoro, kwa kuwa mwalimu ana haki juu yake. Mkimbizi hana neno hilo nyuma yake. Aliyekimbia moto hadaiwi na moto. Basi Kiswahili, katika kuchagua mkimbizi na kuacha mtoro, kilimtendea mtu yule uadilifu mkubwa, na vijana wetu wangelijua haya wasingelichukia neno kwa haraka.

Walakini hoja yao iliyo nzito zaidi si ya sarufi. Walisema: kukimbia kumetajwa katika dini kuwa ni aibu, kwani kukimbia siku ya vita ni katika madhambi saba yenye kuangamiza, kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi. Vipi basi tumpe Mwislamu jina la dhambi?

Hapa tutakaa kidogo, kwani suala hili lina faida.

Dhambi iliyotajwa ni ya askari anayeiacha safu yake mbele ya adui, akawaacha wenziwe. Si ya mama aliyewachukua watoto wake usiku, wala si ya mtoto. Wale wavulana wa Sudan waliotoka Ethiopia mwaka 1991, baada ya kuanguka serikali ya Mengistu, wakapita majangwa na mito hata wakaingia Kenya kwa njia ya Lokichoggio mwaka 1992, wengi wao walikuwa hawajabaleghe. (Waliitwa na Wazungu kwa jina lenye maana ya "wavulana waliopotea", jina lililotolewa katika hadithi ya watoto ya Peter Pan. Hawakupotea. Walijua watokako na walijua ni nani aliyewafukuza.) Safu gani waliyoiacha hao?

Na dalili iliyo kubwa kuliko hiyo ni khabari ya Nabii Musa, amani iwe juu yake. Katika Sura ya Ash-Shuaraa, anaposimama mbele ya Firauni, asema kwa ulimi wake mwenyewe kuwa aliwakimbia alipowaogopa. Neno alilolitumia ni firari, nalo ndilo kukimbia hasa, halikupambwa. Hakusema alisafiri, wala hakusema alihama. Mtume miongoni mwa mitume wakubwa watano amejieleza kuwa alikimbia na kuwa aliogopa, mbele ya adui yake, na hakuona haya. Sisi tuone haya kwa niaba yake?

Na mwenye kuisoma Sura ya Al-Qasas hapa Turkana huifahamu vizuri kuliko aisomaye mjini. Musa atoka Misri kwa khofu huku akiangaza nyuma, afika kwenye maji ya Madyan, akuta wachungaji wamesongamana wakinywesha, na pembeni wako wanawake wawili wanaowazuia wanyama wao kwa kuwa hawawezi kusukumana na wanaume. Nani kati yetu hajaiona safu hiyo kwenye kisima? Yeye mgeni, hana mali wala jamaa, awanyweshea, kisha aenda kivulini akamwomba Mola wake kwa unyonge. Hatimaye mzee wa nyumba ile ampelekea mwito. Na Musa alipokwisha kumsimulia khabari zake, jambo la kwanza alilomwambia ni kuwa asiogope, amekwisha okoka kwa watu madhalimu. Maulamaa wamekhitilafiana kama mzee huyo ni Nabii Shuaibu au mtu mwingine, na khitilafu hiyo haitudhuru. Linalotufaa ni hili: mzee alisikiliza khabari kwanza, akampa amani, kisha akampa kazi ya kuchunga miaka minane, au kumi akipenda mwenyewe, na akamwoza binti yake. Hakumwekea jina. Katika kisa chote kile Musa hakuitwa na watu wa Madyan kwa kukimbia kwake. Alilisema neno hilo yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, alipokuwa na haja nalo mbele ya aliyemdhulumu.

Twendelee na hilo pendekezo la muhajiri.

Hijra katika lugha ya Kiarabu ni kuacha na kutengana na kitu. Katika sharia ina maana khasa: kutoka katika nchi ambayo mtu hawezi kuisimamisha dini yake, kwenda katika nchi anayoweza, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ndivyo walivyofanya waliokwenda Uhabeshi, kiasi cha mwaka 615, na ndivyo walivyofanya waliokwenda Madina mwaka 622. Na Mtume wetu ameieleza wazi katika hadithi mashuhuri ya nia, iliyo ya kwanza katika kitabu cha Bukhari: hijra ya mtu ni kwa lile alilolihamia, ikiwa ni Mungu na Mtume wake, au ikiwa ni dunia, au ni mwanamke wa kumwoa. Basi muhajiri ni jina linaloshuhudia nia iliyo moyoni. Sisi tutaijuaje nia ya watu 300,000, ambao ndio kadiri ya waliokuwa Kakuma na Kalobeyei ilipofika mwaka 2025, na wengi wao, kutoka Sudan Kusini, Kongo na Burundi, si Waislamu? Aliyekimbia njaa na risasi ana haki ya kuhurumiwa, lakini hana haja ya kutiwa cheo cha masahaba. Na tukisema muhajiri ni kwa Waislamu peke yao, tumewagawa watu wa safu moja ya maji kwa majina mawili, la heshima kwa jirani huyu na la dharau kwa yule. Hilo ndilo tuliloambiwa tulikimbie.

Kisha tazama Waarabu wenyewe, wenye neno. Wao leo humwita mtu huyu laaji', yaani aliyeomba kimbilio; na muhajiri kwao limekuwa neno la mtu yeyote aliyehamia nchi nyingine kwa kazi au biashara. Na Kiswahili hali kadhalika kina maneno mbalimbali, na ni uvivu kuyachanganya. Mhamaji ni mfugaji anayehama na wanyama wake kufuata malisho, kama walivyo Waturkana wengi. Mhamiaji ni aliyehamia nchi nyingine kwa hiari yake, na mambo yake yako katika Idara ya Uhamiaji. Mkimbizi ni aliyelazimika. Herufi moja yawatenga wawili wa mwanzo. Watatu ametengwa nao kwa khofu.

Na hili si jambo la vitabuni. Kijana mmoja katika hao wenye hoja alipoulizwa hali yake katika afisi fulani, alijibu kwa fakhari kuwa yeye si mkimbizi, ni muhajiri. Karani, ambaye alikuwa na Kiarabu kidogo, akaandika mhamiaji. Ilimchukua miezi kadhaa kulifuta neno lile, na katika miezi hiyo jina lake halikuwamo katika daftari la chakula. Sisi hatumcheki, kwani alitaka heshima, na kutaka heshima si kosa. Lakini yafaa ajue alichokuwa anakitoa ili apewe hiyo heshima.

Maana neno mkimbizi, licha ya kuwa neno la lugha, ni neno la sheria. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 yalimweleza kuwa ni mtu aliye nje ya nchi ya uraia wake kwa khofu yenye msingi, ya kuteswa kwa sababu ya rangi yake, au dini, au uraia, au kundi alilomo, au rai yake ya siasa. Kenya iliingia katika mapatano hayo mwaka 1966. Na Umoja wa Nchi za Afrika, katika mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1969, uliupanua mlango, ukawaingiza pia wanaokimbia uvamizi wa wageni na machafuko makubwa, hata ikiwa hapana aliyemkusudia mtu mmoja kwa jina lake. Hapa Afrika ilikuwa na huruma kuliko Ulaya, na yapasa tuikumbuke. Kenya ilipitisha sheria yake ya wakimbizi mwaka 2006, kisha ikaitunga upya mwaka 2021. Katika yote hayo haki iliyo kubwa ni moja: mkimbizi harudishwi kwa nguvu kule alikokimbia. Mhamiaji aweza kurudishwa. Muhajiri hamo kabisa katika kanuni hizo, wala hakimu hatamfahamu.

Watu wa Lokitaung wasihitaji kuambiwa na wengine kuwa neno la sheria lina uzito. Jomo Kenyatta na wenziwe walipohukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953, kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, waliletwa hapa hapa kwetu. Walipokuwa Lokitaung waliitwa wafungwa. Kifungo kilipomalizika mwaka 1959, Kenyatta hakuachiliwa. Alipelekwa Lodwar, akawa hafungwi tena, bali amezuiliwa mahali pamoja, na hapo akakaa hata mwaka 1961 alipohamishiwa Maralal. Mtu ni yule yule, jua ni lile lile, na njia ya kwenda kwao ilikuwa imefungwa vile vile. Lakini mfungwa ana hukumu, na hukumu ina mwisho wake ulioandikwa. Aliyezuiliwa hakuwa na tarehe. Serikali ya kikoloni ilijua vizuri ilichokifanya ilipobadilisha neno. Kwa hiyo anayewaambia watu wa Kakuma walitupe neno lao kwa ajili ya neno lenye sauti nzuri zaidi, na azingatie.

Mwaka 2015 mabishano kama haya yalitokea Ulaya, watu walipokuwa wakizama katika bahari ya Mediterania. Shirika la habari la Al Jazeera, lililo Qatar, lilitangaza kuwa halitawaita tena wahamiaji, bali wakimbizi. Waliona kuwa wahamiaji limekuwa neno la kuwapunguza watu wale hata msomaji asione kuwa ni roho. Tazameni ajabu: kule neno linalotukanwa kwetu ndilo lililochaguliwa kuwa la kumtetea mtu.

Na kama mtu bado adhani kuwa neno tukufu laweza kumlinda mwenye kuitwa nalo, na atazame Pakistan. Waislamu waliotoka India mwaka 1947, nchi zilipogawanywa, wakakaa Karachi na miji mingine ya Sindh, waliitwa muhajirina, kwa heshima kamili na kwa kufananishwa na masahaba. Zikapita tarikh. Wakazaa, na watoto wakazaa. Mwaka 1984 ilianzishwa Karachi chama cha siasa kwa jina la Muhajiri, na waliokitia nguvu ni watu waliozaliwa pale pale, ambao hawakupata kuhama hata mtaa mmoja. Jina la ibada likawa jina la kabila, likatengana na wenyeji, na damu ikamwagika. Ikiwa muhajiri laweza kuoza hivyo, basi ugonjwa haumo katika neno; umo katika kumwachia mtu jina la siku moja hata likawa nasaba yake.

Hapa ndipo tunapowageukia wazee wetu. Mmesema mkimbizi ni mtu aliyekimbia. Vyema, basi lishikeni kwa maana yake hiyo, msilipite. Mtoto aliyezaliwa Kakuma mwaka 1998 amekimbia nini? Sheria ya nchi humhesabu mkimbizi kwa kuwafuata wazazi wake, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 hutazama uraia wa mzazi wala haitazami mahali pa kuzaliwa, na hilo ni la serikali na afisi zake. Lakini ninyi si afisi. Mnaposema sokoni "yule mkimbizi", "duka la mkimbizi", "mke wa kikimbizi", mmefanya kukimbia kuwa rangi ya ngozi. Mtu huyo huyo ana jina, na baba, na ufundi. Fundi cherehani mwitwe fundi. Mwalimu aitwe mwalimu. Na tumesikia hata watu wanaogombana kwenye maji, mmoja akamwambia mwenziwe "mkimbizi wee" kwa njia ya kutukana; na hilo ni haramu bila khitilafu, kwani katika Sura ya Al-Hujurat tumekatazwa kuitana kwa majina ya kuchukiza, na wanavyuoni wamesema kuwa jina la kweli likisemwa kwa kuumiza limeingia katika katazo hilo. Kipofu ni kipofu, lakini kuna namna ya kumwita kipofu ambayo ni dhambi.

Swali lililobaki ni la haki: tutamwitaje mtu huyo tunapoonana naye kila siku, tusipomwita kwa neno la afisi?

Waturkana wana neno emoit, na kwa wengi ngimoe. Hutajwa kwalo mgeni wa kabila la nje, na hutajwa kwalo adui. Ni neno moja kwa wote wawili, kwa kuwa katika nchi ya kuporana mifugo mgeni aliyekuja usiku hakuwa na khabari nyingine. Hatuwalaumu, lugha hufuata maisha ya watu wake. Lakini Waarabu wa jangwani, ambao nao walikuwa wakiporana ngamia, walikuwa na neno lililokwenda njia nyingine, nalo ni jaar. Jaar ni anayekaa karibu nawe. Na jaar ni aliyekuja kwako kuomba himaya ukampa. Na jaar huitwa pia aliyeitoa hiyo himaya. Mtume wetu aliporudi Taif, amepigwa mawe, hakuweza kuingia Makka, mji aliozaliwa, mpaka alipopata jiwari ya Mut'im bin Adiy, naye Mut'im alikuwa mshirikina. Akaingia mji wake mwenyewe chini ya himaya ya mtu mwingine. Na waliokimbilia Uhabeshi walimsifu Najashi kwa neno hilo hilo, kuwa alikuwa jaar mwema, naye siku walipomfikia alikuwa Mnasara. Tunasema haya kwa kuwa wako miongoni mwetu wanaosahau kuwa wengi wa waliotoa ardhi hapa Turkana si Waislamu.

Sasa, wingi wa jaar katika Kiarabu ni jiiraan. Na Waswahili wakalichukua, wakalifanya la mmoja, wakasema jirani.

Neno tulilokuwa tukilitafuta majuma matatu lilikuwa mdomoni mwetu. Halina haja ya kuletwa kutoka Madina wala kutoka Geneva. Jirani halimnyimi mtu haki yake ya sheria, kwani akifika afisini ataendelea kuwa mkimbizi na kadi yake mkononi, na yapasa awe. Halimtii utukufu asiouomba. Wala halimwulizi dini yake. Na haki za jirani asiyekuwa Mwislamu wamezieleza wanavyuoni kwa urefu. Na lina uzuri mmoja ambao mkimbizi na mwenyeji hawana: ni neno la pande mbili. Mwenye kumwita mwenziwe jirani amejifunga na yeye kuwa jirani. Serikali ya Kenya nayo, ilipotangaza mwaka 2025 mpango wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja, iliuita Shirika. Jina ni jema, ila ushirika huwa wa mali na kazi, na huvunjika mali ikiisha. Mwaka ule ule chakula cha msaada kilipunguzwa sana Kakuma, na watu wakapangwa kwa makundi ya uhitaji, huyu apewe, huyu asipewe. Aliyenyimwa hapo hakuwa na pa kwenda ila kwa jirani.

Yuko aliyeuliza juu ya zaka: je, mtu huyu apewe kwa fungu la msafiri aliyekatikiwa, au kwa fungu la fukara? Jawabu ni fupi. Hukumu hufuata hali, haifuati jina. Aliye maskini apewe kwa umaskini wake, na aliyekatikiwa njiani apewe kwa kukatikiwa kwake. Mkimbizi mwenye duka la jumla Kakuma, na wapo, hutoa zaka wala hapokei. Na Mturkana Mwislamu aliyekufiwa na mbuzi wake wote kwa ukame ana haki kabla yake, hata ikiwa hapana shirika lililomwandika popote.

Mwisho ni jambo la daftari. Katika daftari la madrasa yetu, penye nafasi ya kuandika atokako mwanafunzi, tumekuta pameandikwa "mkimbizi" mbele ya majina kadhaa, kwa mkono wa mwalimu asiyekuwa na nia mbaya. Mkimbizi si mahali. Kuanzia mwezi huu, waalimu wa Lokitaung, na wa Lodwar na Kakuma wanaofuata daftari letu, waandike jina la mtoto, na la baba yake, na kijiji anacholala: Kalobeyei, Kakuma, Kaaleng, popote palipo. Zile kurasa za zamani zisichanwe. Zipigwe mstari mmoja juu ya neno, na jina la kijiji liandikwe pembeni.

Darsa itakayofuata, inshaallah, ni juu ya neno mwenyeji, kwani ndugu zetu Waturkana wametuletea suala lao, nalo lina ukali.

Wassalaam.